Ukungu Kwenye Lensi ya Mjomba

Morogoro, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Faraja,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu shikamoo yako kutoka Japani itachukua wiki kadhaa kufika, na mimi si mtu wa kuacha heshima yangu ikae posta.

Sisi hapa Kilakala hatujambo. Anti yako Diana ule mguu umepungua kuvimba, anapanda mpaka kanisani bila kusimama. Mama yako huko Mlali yupo, nyanya zimemkubali mwaka huu, na ule mdomo wake pia upo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimejitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mtoto mmoja wa ukoo huu, ambaye simtaji kwa kuwa nyote mnamjua, alichukua picha yangu nikipiga miayo kwenye kikao cha msiba akaigeuza stika, imeandikwa "Naam, nakusikiliza". Sasa mpaka katekista akiulizwa misa ni saa ngapi, anajibu kwa sura yangu. Mtu aliyefundisha utawala wa umma pale Mzumbe mpaka akastaafu hawezi kuwa stika. Nimerudi kwenye wino.

Sasa jambo lenyewe. Mimi, Mzee Noorali aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na Dokta Collins niliyefundisha naye, tumeanzisha Chama cha Picha za Kiungwana. Katiba nimeiandika mimi. Tunakutana Jumamosi barazani kwa Noorali. Mwezi wa nane, kwenye viwanja vya Nane Nane, tutafanya maonyesho yatakayoitwa "Sura za Uluguru". Kilichobaki ni kamera tu.

Nataka kamera ndogo ya dijiti ambayo haionekani kuwa ya dijiti. Zamani zilikuwepo zilizoitwa renjifainda. Wewe hukuzikuta. Ilikuwa kamera bapa ya chuma isiyo na pua ndefu. Kwenye kona ya juu ina kidirisha. Ukichungulia unamwona mtu mara mbili, kama ana pacha; unazungusha pete ya lensi taratibu mpaka mapacha wanaingiana anakuwa mtu mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Nayo haikupiga kelele. Ilisema "tk", kama kikombe kinachowekwa kwenye kisahani. Padre mmoja kule Matombo alikuwa nayo nilipokuwa kijana, na aliyepigwa picha nayo alitembea wima wiki nzima.

Huko uliko ndiko zilikojaa. Nenda dukani, chunguza, niandikie. Na useme unarudi lini. Shahada ya maporomoko ya udongo haiwezi kuchukua muda mrefu kuliko udongo wenyewe.

Mjomba wako,
Yakobo

*

Osaka, 20 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Nakuamkia ingawa umeshaitikia, ziada haiozi.

Mimi mzima, baridi inaelekea kuisha. Mwalimu wangu ana mlima wa bandia ndani ya maabara. Tunaumwagia maji kwa mpira, tunakaa na saa mkononi kuona utabomoka lini. Siku hizi natembea polepole kidogo, lakini nafika. Jumapili nilizungumza na Mama. Kwenye ile simu yake ndogo ya kiswaswadu sauti ilikatika-katika, ila nilisikia akiuliza mara mbili kama nakula.

Nimekwenda kwenye duka la kamera zilizotumika, karibu na stesheni. Kuna muuzaji pale, mpole sana, alinifungulia kabati zima. Anasema kamera unayoitaka iko ya namna tatu. Ya kwanza ni renjifainda ya kweli yenye mapacha wanaoingiana, ila ndani ni ya dijiti. Hiyo bei yake hata yeye aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Ya pili ni ndogo, lensi yake haibanduki, kidirisha kiko konani kama ulivyosema, na ina pete za kuzungusha. Mapacha hawamo, inalenga yenyewe. Ya tatu ni ya kuvaa shingoni. Kwa nje ni babu yako, kwa ndani ni simu.

Ameniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Mjomba wako atapiga picha za nini? Za watu wanaotembea au waliokaa? Anavaa miwani? Anasema kabla ya kuchagua kamera, mtu achague kwanza anataka kutazama nini.

Msalimie Anti Diana. Usimsumbue Mama kuhusu mdomo.

Mpwa wako,
Faraja

*

Morogoro, 2 Mei 2024

Faraja,

Barua yako imefika, imeloa kona moja, lakini inasomeka nikiisogeza dirishani. Hatujambo. Mbuzi wa Anti yako amezaa. Masika ya mwaka huu yameleta ukungu wa ajabu: mpaka saa sita mchana mlima siuoni sawasawa. Anti yako anasema mlima uko wazi kabisa, mpaka minara ya simu anaihesabu. Lakini Anti yako hajasomea hali ya hewa.

Chama kimekaa vikao vitatu juu ya barua yako. Namna ya tatu tumeikataa kwa kauli moja, isipokuwa Dokta Collins, ambaye amekwishanunua mkanda wa ngozi na sasa ameufunga kwenye simu yake. Tumemwekea onyo kwenye kumbukumbu za kikao. Namna ya kwanza tumeiheshimu, tukaiacha. Ya pili tumeipitisha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Noorali anataka ya rangi ya fedha. Mimi nikasema fedha ni ya watalii. Collins akasema nyeusi ni ya watu wa mochwari. Tukaahirisha. Jumamosi iliyofuata tukajadili kama ni adabu kamera kuwa na skrini nyuma. Msimamo wangu ni kwamba skrini imeharibu watu. Ukimpiga mtu picha, kabla hujashusha mkono keshakuja: "Nione! Nione!" Ifunikwe kwa ngozi.

Maswali ya muuzaji wako nayajibu hivi. Nitapiga picha za Uluguru. Sivai miwani, sijawahi, na sina mpango huo. Nami namuuliza swali: ana umri gani? Nauliza kwa ajili ya kamera.

Hukusema unarudi lini.

Yakobo

*

Osaka, 9 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua hii ni fupi, unisamehe. Wiki hizi silali vizuri, hapa nyumbani pana kelele. Lakini niko salama, na kamera yako imo kwenye kifurushi hiki.

Ni nyeusi. Muuzaji, jina lake Shunji, ameisafisha mwenyewe na kuijaribu nyumbani wiki nzima. Pete ya mbele inarekebisha mwanga, kitufe cha juu ndicho cha kupigia. Ile "tk" ipo. Skrini amekushonea kipande cha ngozi cha kuifunika, kwa mkono wake. Ana umri wa miaka thelathini na minne, kwa ajili ya kamera.

Mpelekee Mama picha yake ya kwanza.

Faraja

*

Morogoro, 14 Julai 2024

Mpwa wangu,

Kamera imefika! Hatujambo sote, mbuzi pia, sasa tuongee.

Niliipeleka barazani nimeifunga kwenye leso. Noorali aliosha mikono kwanza. Tulipokezana kimya kama watu wanaobeba mtoto mchanga. Nikabonyeza: tk. Noorali machozi yakamlenga. Nikabonyeza tena: tk. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, tunabonyeza na kusikiliza, hakuna aliyefikiria kuielekeza mahali.

Kisha Noorali akaanza kubonyeza-bonyeza kwenye mipangilio, sauti ikatoweka. Kumbe ile "tk" imerekodiwa, inatoka kwenye spika! Kikao kilivunjika. Mimi nimeirudisha na nimepiga marufuku mtu yeyote kugusa mipangilio.

Lakini nina malalamiko makubwa, mpelekee huyo Shunji. Lensi ina ukungu. Kila kitu kinatoka kama kimepakwa samli. Taa zina duara kubwa kuzizunguka. Nimempiga Noorali picha, amepata pua mbili. Nimefuta lensi kwa spiriti, kwa shati, kwa ndimu, wapi. Nimekuwekea hapa picha hiyo ya Noorali niliyochapisha stesheneri, muione wenyewe.

Halafu mmesahau kufuta picha zenu za majaribio. Nilitoa ngozi nikazitazama, na kama mwenyekiti lazima nikukosoe. Moja ni ya kabati refu lililotundikwa koti jeupe; imepinda. Nyingine nyingi, karibu zote, ni za mkate. Mkate mmoja mkubwa umefungwa kwenye blanketi, mkate uko kitandani, mkate uko kwenye beseni. Faraja, kwa nini mtu apige picha ya mkate? Na nani anaweka mkate kwenye beseni? Mpangilio wa picha ni dhaifu na somo lenyewe halina uzito.

Mama yako bado sijampiga picha. Nasubiri ukungu huu utatuliwe. Halafu juzi nimeanguka kidogo kwenye ngazi za Noorali. Ngazi zile zimejengwa vibaya.

Yakobo

*

Osaka, 18 Agosti 2024

Shikamoo Mjomba, na pole sana kwa kuanguka,

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikakaa chini.

Picha ya Mzee Noorali tumeiweka mezani tukaitazama sote. Haina ukungu, Mjomba. Ana pua moja. Nimehesabu nywele za sikio lake la kulia, nimeona mpaka bei iliyoandikwa kwa kalamu kwenye chupa ya maji nyuma yake. Ni picha safi mno.

Naomba ufanye jambo moja. Simama mlangoni, ziba jicho la kushoto, utazame mlima. Kisha ziba la kulia, utazame tena. Usiwaambie Chama. Mwambie Anti Diana unachokiona, halafu nenda kwa daktari wa macho. Usiende kwa fundi wa kamera.

Kuhusu mkate: nashukuru kwa kuuliza, mkate unaendelea vizuri. Sitasema zaidi. Daktari akishakutibu, zitazame zile picha upya, ndipo uniandikie.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Faraja

*

Morogoro, 22 Septemba 2024

Faraja,

Salamu. Barua yako nimesomewa na Anti yako Diana, kwa sababu siku hizi unaandika kwa wino hafifu.

Nilikuwa sijakueleza habari za Nane Nane. Bora uzisikie kwangu kuliko kwa stika. Picha za maonyesho nilizichagua peke yangu, kama katiba inavyotaka. Kubwa kuliko zote niliiita "Mlima Unatafakari": kilele kimoja cha mviringo, kitupu, kinang'aa, na nyuma yake anga. Mgeni rasmi alisimama mbele yake muda mrefu, akasema anaona jasho la mkulima. Mhadhiri mmoja wa sanaa akasema ukimya wa picha ile unamtisha. Watu wakaanza kupiga picha ile picha.

Mama yako alikuja na matenga yake ya nyanya kwenye banda la Mlali. Akapita kwetu kunisalimia. Akaitazama, akasogea, akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya mto:

"Yakobo, hiki si kipara cha Collins?"

Nikamwambia, "Dada, tafadhali. Mgeni rasmi yuko hapa."

"Ni kipara cha Collins. Hata plasta ya alipojigonga mlangoni ile pale."

Collins akaja. Akajishika kichwa. Mgeni rasmi akaondoka bila kusaini kitabu. Tangu siku hiyo Collins haji barazani, na mkanda wake wa ngozi amemfungia mbwa.

Sasa kuhusu ushauri wako. Nimelipuuza hilo la kuziba macho. Lakini Anti yako alipofika kwenye mstari wa mkate aliacha kusoma. Akachukua kamera, akatoa ngozi, akatazama. Akakaa kitandani. Nikasikia anacheka, halafu anapenga kamasi.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna. Mkate."

"Unalilia mkate?"

"Collins umemfanya mlima, mimi nikikuambia kitu utakiamini? Nenda kwa daktari, utauona mwenyewe."

Tangu hapo hasemi. Kila nikirudi nyumbani namkuta ameshika kamera, anatabasamu na mkate. Faraja, kuna jambo gani ndani ya nyumba yangu ambalo mimi, mwenyekiti, silijui?

Yakobo

*

Osaka, 27 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Anti alinipigia simu. Tulilia, tukaishiwa salio. Nimemwomba asimwambie Mama, nawe nakuomba vilevile, mpaka nijue maneno ya kumwambia.

Nikupe nusu, maana umeteseka vya kutosha. Lile kabati lililotundikwa koti linaitwa Shunji. Anapika vizuri kuliko mimi. Tuliandikisha ndoa ofisi ya mji mwaka jana, bila ngoma, bila padre, bila mjomba. Siku naondoka Mlali, Mama alinishika mkono kwenye gari akaniambia, "Kasome. Mengine usiniletee." Tangu hapo kila Jumapili simu ikiita namwambia habari za udongo. Ameshajua maporomoko yote ya Japani, mimi hanijui.

Kwetu sisi mjomba ndiye anayebeba maneno mazito kati ya mama na mwana. Lakini sitakutuma gizani. Nusu iliyobaki ukaione kwa macho yako.

Faraja

*

Morogoro, 8 Desemba 2024

Mpwa wangu, mwanangu,

Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nawe ulijua, Anti yako alijua, nadhani hata mbuzi alijua. Daktari, binti mdogo tu, aliniuliza nimekuwa hivi tangu lini. Nikamweleza habari za lensi ya Japani. Akaandika kitu kirefu kwenye faili.

Wamenifanyia jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Walipofungua bandeji nilitoka nje. Faraja, mlima una miti! Mmoja mmoja! Kuna njia inakwenda juu, kuna mwanamke anashuka nayo kabeba ndizi, na ndizi nikaziona. Nyumbani nikagundua ukuta wa sebule, niliopigania uwe mweupe, ni wa waridi. Anti yako amezeeka na mimi pia, hakuna aliyetuarifu. Ngazi za Noorali ziko sawasawa kama mstari wa rula.

Kisha nikaomba kamera.

Sitakueleza nilichofanya. Nitasema tu kwamba Anti yako aliniletea leso, nikamwambia ni dawa ya macho inachuruzika.

Nilikasirika, hilo ulijue. Nilizunguka mwembe wa jirani nikitunga hotuba. Ndoa ofisini! Mjomba hana habari! Nilikuwa na vipengele vizuri sana. Lakini kila nikifika kipengele cha pili natoa kamera mfukoni nitazame tena mkate wetu yuko vipi kwenye beseni, nasahau nilipofika. Basi nikapanda gari la Mlali.

Mama yako alikuwa uani anachambua nyanya. Nilimpa kamera mkononi. Akaitazama muda mrefu. Akanirudishia, akaendelea kuchambua.

"Zilizopasuka weka huku," akasema.

Nikakaa kwenye ndoo, nikaanza kuchambua. Tukamaliza tenga zima.

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Baba yake anampenda?"

"Ndiye aliyempiga hizo picha zote."

"Mbona nyingi hivyo?"

"Ndiyo jibu lenyewe, Dada."

Akafuta mikono kwenye khanga. Nikadhani sasa yanakuja. Nikaanza kumweleza kwamba siku hizi watu wanaolewa mbali, dunia imebadilika, Mjapani si mtu mbaya. Akanikatiza.

"Yakobo, wewe umesoma sana mpaka umesahau kwenu. Baba awe Mjapani, awe wa kutoka mbinguni, mtoto wa binti yangu ni wa ukoo wangu. Waluguru tunahesabu kwa nani?"

"Kwa mama."

"Basi ukoo umepata mtu, na mimi naelezwa habari za udongo! Redio ikisema Osaka kuna tetemeko silali, nikipiga simu naambiwa mlima wa maabara umebomoka. Nani mwingine anajua?"

"Diana."

"Nani mwingine?"

Ikabidi nimtaje Noorali pia, kwa sababu nilimwonyesha njiani.

Hapo ndipo aliponitupia nyanya. Iliyopasuka, nashukuru Mungu.

Kwa hiyo neno nililotumwa ni hili, nalileta kama lilivyo: "Mwambie sikumwambia asiishi. Nilimwambia asome. Nakwenda huko, anitafutie namna." Na anauliza jina.

Mjomba wako anayeona,
Yakobo

*

Osaka, 12 Januari 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido ya posta, wakaniletea kiti.

Nilimpigia Mama siku ileile. Nilianza, "Mama, nilitaka kukuambia..." Akasema, "Mpe simu." Nikamweka mtoto sikioni. Mama akamwongelesha Kiluguru bila kupumua, mpaka salio likakata. Sijui alimwambia nini. Mtoto alisikiliza yote, halafu akala kamba ya simu.

Jina lake ni Emi. Kwa kina Shunji jina moja linatosha. Kwetu halitoshi, nalijua hilo. La pili tulimwachia Mama.

Hati za mwaliko tunazituma. Huko Mama anahitaji pasipoti.

Faraja

*

Morogoro, 2 Machi 2025

Mpwa wangu,

Salamu kutoka nyumba yenye ukuta wa waridi. Sote wazima. Collins amerudi barazani, kwa sharti kwamba ile picha apewe yeye. Ameitundika sebuleni. Anawaambia wageni ni Kilimanjaro.

Habari ya pasipoti sasa. Pasipoti inataka picha ndogo, na mimi nikasema: haiwezekani dada yangu apigwe na mtu mwingine wakati ndugu yake ni mwenyekiti wa Chama cha Picha za Kiungwana, ana macho mapya na kamera ya namna yake. Nilimpiga Mlali, jioni, mwanga ukitoka upande mmoja, nyeusi na nyeupe, uso nusu kivulini. Noorali alisema ni picha bora kuliko zote alizowahi kuziona. Afisa wa pasipoti, kijana mwenye adabu, aliigeuza, akauliza nusu nyingine ya mama iko wapi.

Nikampiga tena. Nikazungusha pete, nikasubiri, nikamwambia atazame mbali kidogo kama anayekumbuka jambo. Afisa akasema mama atazame mbele, kwa sababu anasafiri, hakumbuki.

Mara ya tatu mama yako alikuwa amechoka. "Yakobo, mtoto anakua," akasema. Akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo, akanivusha barabara mpaka stesheneri ya pale mtaani. Kuna binti pale. Akatundika kitambaa cha bluu, akasema, "Mama, kaa hapa. Usicheke." Akainua simu. Haikusema "tk", haikusema kitu. Nilipotaka kumshauri kuhusu mwanga alikuwa anakata picha kwa mkasi.

Nikazitazama. Faraja, ni dada yangu mtupu. Lile kovu la paji la uso alilolipata alipoanguka tukichunga. Ule mdomo umefungwa, lakini unaona kabisa kuna maneno nyuma yake. Nikamuuliza yule binti ni kamera ya aina gani. Akasema, "Simu ya dada yangu, Mzee. Yangu imepasuka kioo."

Afisa ameipokea bila neno. Pasipoti inatoka wiki ijayo.

Picha zilitoka nne. Mbili zimebaki serikalini. Moja naomba unisamehe, iko kwenye pochi yangu. Ya nne ndiyo hii ndani ya bahasha, na ina maagizo. Mama yako anasema usiitundike juu ukutani kama ya marehemu. Ibandike chini kabisa, pale mtoto anapotambaa, amzoee kabla hajafika. Nyuma ameandika mwenyewe jina la pili, la mama yake mzazi. Mwandiko wake unaujua. Lisipokusomekea, mpigie, lakini uongeze salio.

Yakobo